Kabla hujamsingizia chuma ulete

Kariakoo, duka likijaa wateja, watu husema mwenyewe ana hela. Likifungwa mwakani, kaingiliwa na chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za wengine. Likikua likazaa la pili, basi ni ndagu, yaani utajiri wa kafara, au kajiunga Freemason. Daftari halimo kwenye maelezo hayo.

Chukua duka la vyombo la kubuni linalouza milioni 1 kwa siku. Kwa siku 26 ni milioni 26, na hapo ndipo majirani wanapoishia kuhesabu. Faida juu ya mauzo tuseme asilimia 12: 3,120,000. Toa pango la fremu 1,200,000, vijana wawili 600,000, kodi ya serikali na leseni 250,000, wapagazi na kirikuu 200,000, umeme, ulinzi na taka 150,000, vilivyovunjika au kuibwa 230,000. Inabaki 490,000.

Sasa mwenye duka anachota 20,000 kila siku "ya mboga". Kwa siku 26 hiyo ni 520,000. Ameshakula mtaji 30,000, na bado hajalipa ada wala hajachangia harusi hata moja. Mtaji unaoliwa hivyo hauonekani, kwa sababu droo ina noti kila jioni. Utaonekana siku ya kufuata mzigo, pesa zikipelea. Huyo ndiye chuma ulete wa wengi.

Pengo hilo huzibwa kwa mkopo wa kausha damu, na hesabu yake nayo inadanganya. Unapewa 300,000, unarejesha 15,000 kila siku kwa siku 25, jumla 375,000. Utaambiwa riba ni asilimia 25. Lakini unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani pesa unayokaa nayo ni kama 156,000 tu, na unailipia 75,000. Hiyo ni karibu asilimia 48, tena haijafika hata mwezi. Sijui bidhaa halali ya rejareja inayobeba mzigo huo.

Lingine: watu hudhani tajiri ni yule anayepata faida kubwa kwa kila kitu kimoja. Weka milioni 10 kwenye sukari na unga wa jumla, faida asilimia 5, mzigo ukaisha kila wiki: kwa wiki nne ni milioni 2. Weka milioni hiyohiyo 10 kwenye makochi, faida asilimia 30, yakachukua miezi minne kuisha: ni 750,000 kwa mwezi. Makochi yana sifa, sukari ina mzunguko. (Ila ukianza kukopesha sukari, mzunguko umekufa.)

Kiwanja cha Chanika au Kibada ni akiba nzuri kama hati ipo, lakini hakikulipi chochote kikiwa kimelala, na ukibanwa utakiuza kwa bei ya shida.

Dawa ya droo ni kujipangia mshahara, tuseme 350,000, unaochukuliwa mara moja, mwisho wa mwezi. Siku hiyohiyo hesabu mzigo kwa bei ya kununulia, jumlisha pesa taslimu, ya kwenye simu na ya benki, jumlisha unaowadai, toa unachodaiwa. Linganisha na mwezi uliopita. Deni unalomdai mtu likipita miezi mitatu, usilijumlishe. Likilipwa, ndipo uliandike.