Mkia Upo: Nilivyojifunza Kuendesha Baiskeli Kwenye Kundi, Pemba

Nilimwangusha mwenzangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifundisha, na kwa sababu mkono wake ulikaa kwenye bendeji wiki tatu.

Tulikuwa tumetoka Chake Chake baada ya sala ya alfajiri, watu kumi na wawili, tunaelekea Pujini. Mie nilikuwa na miezi miwili kwenye klabu. Baiskeli naijua tangu utotoni. Shule ninayosomesha iko mbali na nyumbani, na huenda na kurudi kwa baiskeli kila siku. Nikadhani anayeweza kuendesha peke yake anaweza kuendesha na wenzake. Siku ile nilikuwa nyuma ya kijana mmoja, karibu mno, hata gurudumu langu la mbele likawa limeingia ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma, kama shubiri moja hivi, upande wa kulia. Kuku akakatiza. Kijana akamkwepa kidogo tu, akaja kulia. Tairi lake likagusa langu. Yeye wala hakuyumba. Mie nilikwenda chini, na aliyekuwa nyuma yangu, ndiye huyo wa mkono, akanipanda.

Ndivyo inavyokuwa magurudumu yakigusana: wa mbele huendelea na safari yake, anayeanguka ni wa nyuma, maana lililosukumwa ni gurudumu la usukani. Usukani ukishanyang'anywa, huna tena cha kujiwekea sawa.

Mkubwa wetu kwenye klabu ni mzee mmoja ambaye sote tunamwita Ami. Jioni ile alikuja nyumbani kunipa pole, akakaa barazani, akaniuliza: "Mwanangu, weye ukiwa njiani macho yako unayaweka wapi?"

"Kwenye tairi la aliye mbele yangu, Ami."

"Basi ndiyo maana. Tairi halikwambii kitu mpaka kishatokea. Tazama juu ya bega la mwenzio, uone anachokiona yeye. Kuku yule kijana alimuona mapema. Weye hukumuona kabisa."

Kisha akaniambia kuwa mwezi mzima nitakuwa mkia, yaani wa mwisho kabisa. Hakuniweka kule kunitia adabu. Alisema mambo ya kundi huonekana nyuma, mbele hayaonekani.

Na kweli. Wa kwanza akipunguza mwendo kidogo kwenye kona, wa pili hupunguza zaidi, wa tano hushika breki, na wa kumi na mbili anatia mguu chini. Kona ikishapita, wa kwanza anakwenda zake, na yule wa mwisho roho iko juu anahangaika kuziba pengo. Mbele hawana habari. Wanazungumza na kucheka, na mwendo wao wanauona ni wa kawaida. Nilikaa mkia wiki nne, na kila Jumapili nilikumbuka mara ngapi nimewafanyia wenzangu hivyo nikiwa mbele.

Kwenye vilima ndiko kuna shida zaidi. Pemba ni shida kupata kilomita mbili tambarare. Barabara zetu nyingi ni kilima na bonde. Anayeongoza akifika juu, mwili wake unataka kuteremka, na wakati huohuo watu sita bado wanapanda. Kundi hukatika hapo. Basi sheria yetu ni kwamba ukifika juu unaendelea kukanyaga taratibu, huongezi mwendo, mpaka usikie "Mkia upo!" Neno hilo hutoka kwa wa mwisho akishavuka kilele, likapitishwa mdomo kwa mdomo hadi mbele. Ndipo mnateremka. Jambo jingine la kilimani: ukitaka kuinuka kitini ukanyage kwa kusimama, sema "Nasimama!" kwanza. Unapoinuka, baiskeli hurudi nyuma kidogo, na kidogo hicho kinatosha kumgusa aliye nyuma yako.

Mavazi nayataja haraka, kwa kuwa wanawake huniuliza sana. Tuko watatu kwenye klabu. Mie huvaa suruali pana na gauni linaloishia magotini, na mguu wa kulia wa suruali naufunga kitambaa juu ya kifundo, maana cheni iko upande huo. Mtandio naukaza wote ndani, hauachi ncha ya kupepea. Hijabu haijawahi kunizuia kufika popote. Ncha iliyoachwa ikielea ndiyo ya kuogopwa.

Magari. Tunakaa kushoto, wawili wawili pale tunapoonekana kwa mbali, na mmoja mmoja kwenye kona na karibu na kilele. Tukiwa wengi tunajigawa makundi mawili ya sita sita, na baina yake tunaacha nafasi, ili daladala ikipita kundi la kwanza ipate pa kuingia kabla ya kulipita la pili. "Gari nyuma!" huanzia kwa mkia, "Gari mbele!" huanzia kwa kiongozi, na kila mmoja huipokea na kuipeleka. Shimo tunalionesha kwa mkono, na wa nyuma naye anamwonesha wa nyuma yake. Kuna wanaopenda kumpungia dereva mkono kuwa njia iko wazi, apite. Mie silifanyi hilo na huwakataza wenzangu. Unaona njia kwa macho yako na kwa mwendo wa baiskeli yako. Gari lake hulijui, na ukikosea, roho za watu ziko hapo. Siku ya meli kubwa kuingia Mkoani ndiyo kabisa, barabara ya Chake inajaa watu wenye haraka. Siku hizo tunakwenda upande wa Konde, tukaingie kwenye kivuli cha msitu wa Ngezi.

Na vijijini si mahali pa makelele. Kengele tunaipiga mara moja, tena kwa mbali, kwa sababu kengele inayolia mgongoni mwa mtu mzima humshtua akayumba njiani. Wa mbele anatoa salamu kwa ajili ya wote. Watoto wanaokwenda chuoni na misahafu yao tunawapita polepole kwa mstari mmoja; mtoto mmoja akivuka barabara, hesabu kwamba mwenzake atamfuata bila kutazama.

Lakini kilichonipa taabu zaidi kukijua, nami mzaliwa wa hapa, ni karafuu. Msimu ukifika, ukingo wa barabara ni uwanja wa kuanikia. Majamvi yanafuatana, hapa karafuu, pale makonyo, yaani vikonyo vyake, na lami yenyewe ndiyo inayosaidia kukausha. Ukiwa peke yako unakwepa jamvi na kwisha. Kundi likikwepa kwa ghafla, wa tatu na wa nne hawajui kwa nini, na mmoja ataingia juu ya jamvi. Karafuu iliyovunjika kichwa hushuka daraja, na tairi jembamba juu ya karafuu huteleza. Kwa hiyo hatukwepi. Kiongozi akiliona jamvi la kwanza hutoa mkono, husema "Karafuu!", na kundi zima husogea kulia pamoja, mapema, baada ya mkia kutazama nyuma na kuitikia kuwa hakuna gari. Kama gari lipo, tunapunguza mwendo mpaka lipite, hata tukisimama. Jamvi la watu haliwi njia yetu.

Agosti iliyopita Ami aliniambia niongoze kwenda Mkoani, kama kilomita 30. Kusi, upepo wa kusini, lilikuwa linavuma usoni tangu tulipotoka. Nikapanga zamu fupi: anayekata upepo mbele akichoka anatazama nyuma, anajitoa kulia, wenzake wanapita kushoto kwake, naye anaingia mwisho. Vijana wawili, kila zamu yao ikifika, walikuwa wanaongeza mwendo. Niliwaambia kwa upole, mbele ya kila mtu, kwamba mwenye nguvu akae zamu ndefu zaidi, asiende mbio zaidi. Walinielewa. Tukafika wote.

Tulipokuwa tunarudi, tumeshapita Mtambile, wingu likafunga. Watu wakatoka majumbani mbio kuanua. Mtoto wa kike alikuwa anaburura jamvi katikati ya barabara, hatazami popote, anaitazama mvua. Nikainua mkono, nikaita "Polepole! Simama!", nikasikia neno linakwenda nyuma kama lilivyopaswa. Tulizitoa baiskeli barabarani kwanza, zote, tukazilaza kwenye majani. Ndipo tukaenda kushika majamvi. Bibi mmoja alikuwa anazoa kwa ungo, mikono inamtetemeka. Akaniambia, "Fanya hima mwanangu, hizi ndizo ada za wajukuu." Tukawahi zote ila pembe ya jamvi moja.

Mvua ikatupiga mpaka Chake. Breki zetu nyingi ni za mpira unaobana rimu, na rimu likirowa breki huchelewa kushika, basi tuliongeza nafasi mara mbili na kila mteremko tulianza kubana breki mapema kukausha rimu. Hatukuzungumza. Kwenye kilima cha mwisho nilifika juu, taa za mji ninaziona, na miguu inataka kwenda. Nikaendelea kukanyaga taratibu. Nyuma kabisa alikuwa yule mwenzangu wa mkono, na sauti yake ndiyo niliyoisikia inakuja, imepita midomo kumi: mkia upo.