Viungo vizito vya shemeji

Shemeji yangu anaugua Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo. Anayekutana naye kwa mara ya kwanza huona mitikisiko tu: bega linaloruka bila kuamriwa, vidole vinavyochezacheza juu ya goti, kichwa kinachogeuka upande bila sababu. Hapa kwetu Temeke hayo ndiyo yaliyozua maneno, kuanzia ya ulevi hadi ya kurogwa, na ndiyo wanayoyauliza ndugu wanapokuja kumjulia hali. Sisi tunaoshinda naye tunaona kwamba mzigo wake mkubwa uko kwingine. Viungo vyake vimekuwa vizito, kiasi kwamba jambo analolikusudia huchelewa kulianza, na akishalianza hulifanya polepole mno.

Alikuwa fundi cherehani, na watu walimletea vitambaa vya sare za harusi kwa sababu hakuwa na tabia ya kuwazungusha wateja. Jumamosi hii nilikaa naye barazani wakati anafunga vifungo vya shati lake. Alikishika kifungo cha kwanza, akakisogeza hadi kwenye tundu, kisha mkono ukasimama pale pale ilhali macho yake yakionyesha wazi kwamba anajua la kufanya. Mkono ulipokuja kusogea, bega likaruka, kifungo kikaponyoka, akaanza upya. Dada aliponyoosha mkono amsaidie, shemeji alimwambia kwa sauti ya chini, neno moja baada ya jingine, "Mama watoto, niache, nitamaliza." Akamaliza, ingawa chai ilikuwa imekwisha kupoa.

Ugonjwa wenyewe umepewa jina la George Huntington, daktari kijana wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872 kutokana na familia ambazo baba yake na babu yake, nao madaktari, walikuwa wamezitibu kabla yake. Chanzo chake kilipatikana mwaka 1993: hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu namba 4, ambamo kipande kifupi cha maandishi ya vinasaba hujirudia kupita kiasi. Mwenye marudio 40 au zaidi huugua iwapo ataishi umri wa kawaida, na dalili nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu ana watoto na kazi.

Daktari alitueleza jambo lililonisaidia kumwelewa shemeji kuliko yote niliyowahi kusikia. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayosimamia mwendo kwa njia mbili, moja ya kuruhusu tendo tulilolikusudia na nyingine ya kuzuia yale ambayo hatukuyataka. Ugonjwa huanza kwa kuidhoofisha zaidi ile ya kuzuia, ndiyo maana mwili hurukaruka. Kadiri miaka inavyosonga, ile ya kuruhusu nayo huharibika, na mgonjwa huzidi kuwa mzito na viungo vyake hukakamaa. Hata hivyo dalili hizi mbili hazipokezani zamu. Uzito huo, ambao madaktari huuita bradikinesia, huwamo tangu mapema chini ya mitikisiko, na vipimo vya kugongagonga kidole huweza kuuonyesha hata kabla mtu hajaambiwa kwamba anaumwa. Mitikisiko huweza kufika kiwango fulani ikatulia, pengine ikapungua, lakini uzito huendelea kuongezeka.

Hapo ndipo matibabu yanapohitaji uangalifu mkubwa. Dawa za kutuliza mitikisiko, kama tetrabenazini na haloperidoli, hufanya kazi kwa kupunguza au kuizuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, na dopamini hiyo hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuanza mwendo. Shemeji alipoongezewa dozi alitulia sana, wageni wakamshukuru Mungu kwamba amepata nafuu, na sikuwalaumu, kwa maana ndivyo alivyoonekana akiwa amekaa. Dada peke yake ndiye aliyeona kwamba sasa kuinuka kitini kunamchukua muda mrefu zaidi, kwamba uso wake umepungua uchangamfu, na kwamba tonge linakaa mdomoni kabla halijamezwa. Hilo la mwisho linanitia hofu kuliko yote, kwa sababu ulimi na koo vikichelewa chakula huweza kupita njia ya hewa, na nimonia inayotokana na hali hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa.

Mji wetu haumsubiri mtu wa namna hii. Konda wa daladala hugonga bodi gari liondoke wakati mguu wa shemeji bado uko chini, na si kwa ukatili, ni kwamba abiria wengine wote wamekwisha kupanda. Ukimwuliza jambo dukani, muuzaji humjibia. Akiitwa huku anatembea, husimama kwanza ndipo ajibu, kwani kufanya mambo mawili kwa pamoja kumekuwa kugumu kwake. Nyumbani tumekubaliana kuzima redio wakati wa kula, kumpa jambo moja kwa wakati mmoja, na kunyamaza baada ya kumwuliza swali mpaka ajibu mwenyewe.

Watoto wao wawili, kila mmoja kwa nafsi yake, wana uwezekano wa asilimia 50 wa kuwa wamerithi jeni hiyo. Dada amesikia kwamba ugonjwa huu ukianza kabla ya miaka 20, hali ambayo ni nadra, huja zaidi kwa viungo kukakamaa na kuwa vizito kuliko kwa mitikisiko, na tangu hapo huwatazama wanapoandika kazi za shule. Nimemwomba tulizungumze na daktari badala ya kubaki nalo kifuani.

Kliniki ijayo tutakwenda na daftari. Dada anaandika ndani yake jinsi shemeji anavyovaa, anavyokula, anavyoinuka na anavyozungumza, asubuhi na jioni, kabla na baada ya dawa, na shemeji mwenyewe amesema nini angependa kibaki: kufunga vifungo vyake na kwenda msikitini Ijumaa kwa miguu yake, hata kama mabega yatarukaruka njia nzima. Tutamwomba daktari aipime dozi kwa kuyaangalia hayo.