Ukungu wa bafuni: tafuta maji kwanza, Jik baadaye

Masika yakikolea Dar, Tanga au Unguja, dari za bafu huanza kuota vidoa vyeusi na Jik hununuliwa kwa wingi. Kabla hujavifuta, angalia vilipo. Vikiwa kwenye kona za juu, mvuke wa kuogea hauna pa kutokea. Vikiwa sehemu moja tu katikati ya ukuta, shuku bomba linalovuja ndani. Vikiwa chini, pamoja na rangi inayobanduka na unga mweupe wa chumvi, unyevu unapanda kutoka ardhini, na hapo utasugua mpaka uchoke.

Ukibaki na shaka, kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni ngumu na uzibe kingo zote nne kwa selotepu. Kiache siku 2 huku bafu likitumika. Matone yakijitokeza upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, kwa hiyo ita fundi. Yakiwa upande wa nje tu, shida ni hewa ya chumbani.

Kusafisha kwenyewe si kazi kubwa. Fungua dirisha, vaa glovu, barakoa na miwani, kisha lowesha ukungu. Ukiukwangua mkavu unarusha mbegu zake nyumba nzima. Sugua kwa sabuni na brashi, suuza vizuri. Usiruke hatua hii, maana uchafu humaliza nguvu ya klorini iliyomo kwenye Jik kabla haijaufikia ukungu. Sasa changanya robo lita ya Jik katika lita 4 za maji baridi, paka, pabaki pamelowa dakika 10 hadi 15, suuza. Dawa iliyobaki imwage. Kesho itakuwa imepungua nguvu. Na usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

Jik hung'arisha juu, haizami ndani. Ndiyo maana jipsamu iliyoota ukungu hukatwa na kutupwa. Silikoni iliyogeuka nyeusi nayo kata kwa wembe, kausha kabisa, paka mpya na usioge humo kwa saa 24. Saruji nyeupe ya katikati ya marumaru kwangua milimita 2 au 3, ujaze upya. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kutupa hela: rangi itabanduka na ukungu utakuwa palepale.

Kwa bafu dogo, feni ya kutolea hewa ya inchi 4 inatosha, mradi bomba lake litokee nje. Wapo mafundi wanaoliachia darini, na mvuke unaozesha mbao huko juu bila mtu kuona. Iache ikizunguka dakika 20 baada ya kuoga, na chini ya mlango pawe na mwanya wa sentimita 1 au 2; bila hewa ya kuingia, feni hupiga kelele tu.

Pwani, hata hivyo, hewa ya nje yenyewe huwa imejaa maji, kwa hiyo feni peke yake haitoshi. Sukuma maji ya ukutani na sakafuni kwa kifuta maji chenye ukingo wa mpira kila ukimaliza kuoga. Ni kazi ya dakika moja inayoshinda dawa zote. Taulo zianikwe nje. Pipa la akiba ya maji, ambalo mgao ukianza halikwepeki, lifunike, uliweke mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, ili nyuma yake pakauke.