Nilivyoingiza ng'ombe miski, wolverini na mbweha wa Aktiki kwenye mchezo wa uwindaji

Njia ya haraka ya kumfanya mnyama awe adimu mchezoni ni kumpa asilimia 2 ya kutokea kila ramani inapofunguliwa. Njia hiyo inaua uwindaji wenyewe. Mchezaji anafunga na kufungua mchezo mpaka mnyama atokee, na ujuzi wa kusoma upepo na nyayo unakosa kazi. Kwa hiyo nilitaka uadimu utokane na makazi na tabia ya mnyama mwenyewe. Nilitumia programu ya Blender kuchonga maumbo, na Godot kama injini ya kuendesha mchezo.

Ramani ina kilomita 8 kwa 8 na inaiga Dovrefjell, milima ya Norwei ambako wanyama wote hawa wapo kweli: kulungu wa Aktiki wa mwituni, wolverini (mla nyama na mizoga wa jamii ya kicheche), mbweha wa Aktiki, na ng'ombe miski ambao mababu zao waliletwa kutoka Greenland. Ukichanganya wanyama wa pande tofauti za Kaskazini kwenye bonde moja, mchezaji anayeijua nchi hiyo atakuacha mara moja.

Kazi kubwa zaidi ni mwili wa ng'ombe miski. Manyoya yake yananing'inia karibu kufika kwato, na yanamfanya aonekane mnene kuliko alivyo. Nilichonga kwanza mwili mtupu, bega likiwa mita 1.35 kwa dume, kwa pembetatu 14,000, yaani vipande vidogo vinavyojenga umbo. Juu yake nikabandika vipande vya manyoya, pembetatu 9,000 nyingine. Maeneo ya kugongwa na risasi yafuate mwili mtupu, yafungwe kwenye mifupa ya kiunzi kinachousogeza mwili, na yasiguse manyoya kabisa. Ukiyatengeneza kwa kufuata umbo la nje, risasi inayopita kwenye manyoya ya tumbo itahesabiwa imepiga nyama, na ile inayopita juu kwenye nundu ya bega itahesabiwa imepiga mapafu. Moyo na mapafu viko chini, nyuma tu ya mguu wa mbele. Mnyama huyu hawindwi kwenye mchezo wangu, lakini risasi iliyopotea lazima nayo ihesabiwe sawasawa.

Manyoya yana tatizo la pili. Ukitumia uwazi wa kukata, yaani kila pikseli ionekane au isionekane, kizingiti cha 0.5, ambacho pikseli iliyo chini yake haichorwi, kinapendeza kwa karibu. Mnyama akifika mita mia moja anaonekana amenyonyoka, kwa sababu nakala ndogo za picha ya manyoya, zinazotumika kwa mbali, zinachanganya pikseli zilizojaa na zilizo wazi, na wastani wake unashuka chini ya kizingiti. Nilishusha kizingiti hadi 0.25 kadiri umbali unavyoongezeka, na kuanzia mita 60 nikabadilisha vipande vyote kwa ganda moja lisilo na uwazi. Godot huandaa yenyewe maumbo ya mbali yenye pembetatu chache wakati wa kuingiza faili, lakini upunguzaji huo unatoboa mashimo kwenye manyoya. Uzime kwa manyoya, uuache kwa mwili.

Kabla ya kufunga mifupa, thibitisha ukubwa na mzunguko ndani ya Blender kwa Ctrl+A, kisha toa faili ya glb, ndiyo inayobeba umbo kwenda Godot. Mnyama akitembea kinyumenyume mchezoni, sababu ni kwamba Godot huhesabu mbele kuwa upande hasi wa mhimili wa Z, ilhali umbo lako limeangalia Z chanya. Lizungushe nyuzi 180 chini ya nodi mama, wala usiguse kiunzi. Miguu ikiteleza kwenye theluji, gawanya urefu wa hatua kamili kwa muda wake: mita 1.3 kwa sekunde 1.1 ni mita 1.18 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya mwendo, si nyingine.

Tabia ya ng'ombe miski ni kusimama na kukabili hatari badala ya kukimbia. Wakizungukwa, wazima hufanya duara na ndama hukaa katikati. Nilipata nusu kipenyo kwa kuzidisha idadi ya wazima kwa mita 1.6, kisha kugawa kwa 6.28. Wazima 12 wanahitaji kama mita 3. Kinachoharibika hapa ni ugawaji wa nafasi: kila mmoja akikimbilia nafasi iliyo karibu, wanasukumana na duara halifungi. Wapange kwa pembe zao kutoka kitovu cha kundi, wa kwanza apewe nafasi ya kwanza, na uzime ukwepaji wa wenzake akibakiza mita moja.

Sasa uadimu. Kila mnyama ni rekodi kwenye faili ya msimu: mahali alipo, njaa, umri. Rekodi husogezwa kila dakika 10 za mchezo hata mchezaji akiwa mbali, na kufungua upya mchezo hakubadilishi kitu. Mnyama akiingia ndani ya mita 700 kutoka kwa mchezaji anapata mwili wenye akili, na anaupoteza akifika mita 900. Ukiweka umbali mmoja kwa yote mawili, atawakawaka mpakani. Milima hii haina miti ya kuficha, na darubini inafika mbali, hivyo hadi kilomita 2.5 nachora umbo la pembetatu 300 lisilo na akili, ila mahali pake ni pa kweli.

Dume la wolverini huhitaji eneo la mamia ya kilomita za mraba, kubwa kuliko ramani nzima. Kumweka akae humo ni uongo. Wangu huingia kwenye ukingo, huvuka, na kuondoka. Kinachomvuta ni mizoga. Mchezaji akipasua kulungu na kuacha matumbo, hapo pana nukta ya harufu yenye nguvu 1.0, inayopungua asilimia 10 kwa siku ya mchezo, na wolverini aliye ndani ya kilomita 5 hugeukia huko. Anayemtaka ajifunze kusubiri penye upepo mzuri. Nyayo zake zina vidole vitano, za mbweha wa kawaida vinne, na za mbweha wa Aktiki zina kingo hafifu kwa sababu chini ya miguu yake pana manyoya. Niliziweka picha tatu tofauti, kwani ndizo dalili pekee ambazo wachezaji wengi watawahi kuziona.

Mapango ya mbweha wa Aktiki hutumika vizazi na vizazi, na mbolea inayokusanyika hufanya nyasi za mlangoni ziwe kijani kuliko za jirani. Hiyo inatosha kuwa alama, usiweke ikoni. Koti lake la baridi lisiwe jeupe kabisa, maana litang'aa kuliko theluji. Mwangaza wa 0.75, pale 1 ikiwa nyeupe kabisa, wenye umanjano kidogo ulikaa vizuri.

Kulungu alinipa kazi ndogo. Pembe ziwe umbo la pekee kwenye mfupa wa kichwa, kwa sababu madume wakubwa huziangusha baada ya msimu wa kupandana, na majike hubaki nazo majira yote ya baridi. Ongeza pia mlio mdogo wa kano za miguu kwa kila hatua, unaosikika ndani ya mita 30.

Leseni ya kawaida inamhusu kulungu peke yake. Wolverini ana leseni yake yenye idadi maalumu. Mbweha wa Aktiki amelindwa Norwei tangu 1930, kwa hiyo kumpiga risasi kunafuta leseni za msimu wote. Yeye na ng'ombe miski hupigwa picha tu, na picha ya ng'ombe miski hupata alama kamili ikipigwa kuanzia mita 200, umbali unaoshauriwa kwa wageni wa Dovrefjell. Chini ya hapo alama hushuka taratibu, na zinafika sifuri dume linapoanza kukoroma.