Udugu wa kanisa si kontena peke yake

Hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu, leo naliandika. Kila tukikaa kikao cha usharika kuongelea marafiki zetu wa Ujerumani, maongezi hayachukui hata dakika kumi yanageuka kuwa orodha. Kompyuta, vitanda vya zahanati, vinanda vya kwaya, baiskeli, mashine ya kufyatua matofali. Mtu anakumbuka na spika. Katibu anaandika tu.

Mimi nipo kwenye kamati ya ushirikiano ya usharika mmoja wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Tanga mjini. Kwa wasiojua, Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki ina urafiki wa miaka mingi sana na makanisa ya Ujerumani, sharika zinaandikiana, tunaombeana, wao wanakuja na sisi wachache tunaenda. Naupenda huu uhusiano kwa dhati na ndo maana unaniuma ninapoona tunaugeuza duka la bure. Sasa hivi tumeletewa barua tena, wanataka kupakia kontena na wanauliza tunahitaji nini, na tayari nishaanza kupigiwa simu na watu wanaotaka vitu vyao viingie.

Niseme kwanza kitu nilichokiona kwa macho. Kuna zahanati moja ya kanisa huku mkoani, sitaitaja, waliletewa mashine ya kuhesabu chembe za damu. Nzuri, ghali, ilipokelewa kwa nyimbo na shukrani na picha zikapigwa. Ikafanya kazi vizuri kabisa mpaka zile chupa za vitendanishi, yaani dawa za kupimia, zilizokuja nayo zilipoisha, maana mashine za namna ile haziingii dawa ya kampuni nyingine, ni za aliyeitengeneza tu, na bei yake zahanati inayotoza wagonjwa hela kidogo haiiwezi. Nilipoingia maabara niliikuta imefunikwa kitenge, juu yake wameweka maboksi ya glavu. Yule dada wa maabara alikuwa pembeni na darubini yake anahesabu mwenyewe kwa jicho, foleni ya kina mama na watoto imejaa hadi nje kwenye baraza. Aliyetoa alitoa kwa upendo, aliyepokea alipokea kwa furaha, ila hakuna aliyeuliza chupa ya pili itanunuliwa na nani! Na sisi tunaopokea tunaogopa kuuliza, tunaona kama tutaonekana tunachagua, basi tunasema asante tu.

Najua nikisema hivi kuna wazee wataniambia sina shukrani kwa wamisionari. Jamani hapana. Wamisionari wa Bethel, shirika la misheni la Kijerumani, walifika Tanga mwaka 1890, mwaka uliofuata wakapanda Usambara kuanza kazi Mlalo. Ni kweli walikuja kipindi kilekile Wajerumani wanaikamata pwani yetu kwa nguvu, na hilo tuliseme bila kuficha, ila kuna mambo walifanya ambayo mpaka leo yamesimama. Chukua Lutindi kule Korogwe milimani. Ilianza miaka ya 1890 kama makao ya watoto waliotolewa utumwani, mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, kipindi ambacho mgonjwa wa akili alikuwa anafungwa kamba nyumbani tu. Hospitali ipo hadi leo, wagonjwa wanalima, wanafanya kazi za mikono, wanaishi kama watu. Ile haikuja kwenye kontena. Watu walikaa pale na wagonjwa miaka na miaka, wenyeji wakaijua kazi wakaishika.

Na tukumbuke kilichotokea baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini na hela za Bethel zikakatika. Kanisa la Usambara halikufa. Walimu na wainjilisti Washambaa waliendelea kufundisha, kubatiza, kuzika, kuimba zilezile nyimbo, hawana mshahara wa kueleweka. Kwangu mimi hao ndo wazee wetu wa imani hasa, na nasikitika kwamba tunayajua majina ya Wazungu kuliko ya hao. Hata hii KKKT yenyewe ilizaliwa 1963 makanisa saba yalipoungana, leo ni moja ya makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, wakati kule Ujerumani mwaka 2022 Waprotestanti na Wakatoliki ukiwajumlisha pamoja walishuka chini ya nusu ya wananchi wote. Yaani marafiki zetu wana majengo mazuri na vinanda vikubwa na viti vitupu. Sisi tunakaa nje chini ya mwembe kwa kukosa nafasi. Halafu bado tunadhani mhitaji ni mmoja tu?

Ngoja niwaambie kuhusu 2021. Mwezi wa saba kulitokea mafuriko makubwa magharibi mwa Ujerumani, bonde la mto Ahr ndo liliumia zaidi, walikufa watu zaidi ya 180, na hata Wuppertal maji yaliingia mjini, pale ndo makao ya UEM, ule ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ambao dayosisi yetu ni mwanachama. Picha zikaanza kuzunguka wasap. Mchungaji akatangaza tutoe sadaka. Kuna mzee akasimama akasema kwa heshima tu, Mchungaji, hawa wana serikali yao na bima zao, hiki kisadaka chetu kitafanya nini. Kimya kidogo. Ndipo bibi mmoja wa jumuiya yetu akajibu pale alipokaa, "Miye hela sina, ila kuku ninaye. Wao sisi tukifiwa wanatuandikia, leo wamefiwa wao tukae tu?"

Jumapili iliyofuata mnada wa vitu vya sadaka haujawahi kuwa vile. Kuku wa bibi alinunuliwa akarudishwa, akanadiwa tena, akanunuliwa, akarudishwa, mpaka mnadishaji sauti ikamkauka. Nazi, machungwa ya Muheza, mkungu wa ndizi, trei ya mayai. Jirani yetu wa Kiislamu mwenye duka ng'ambo ya barabara alisikia kelele akavuka kuuliza kuna nini, alipoelezwa akanunua zile nazi zote akasema pole zao. Hela iliyopatikana kwa Ulaya ni ndogo. Lakini wenzetu walituandikia barua ndefu, wakasema ilisomwa ibadani na watu walilia, na tangu hapo barua zao zilibadilika kabisa, wakaanza kutuambia shida zao, vijana wao kuondoka kanisani, wazee wao kukaa wapweke. Kabla ya hapo walikuwa wanatuandikia kama mfadhili anayemwandikia mradi.

Na kuna binti wa usharika wetu alienda kujitolea mwaka mzima kule kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa ananitumia voisi usiku. Anasema kuna bibi alikuwa hamruhusu mtu mwingine amchane nywele, ni yeye tu, kwa sababu alikuwa anamwimbia Kiswahili huku anachana, na watoto wa yule bibi wanakuja Krismasi tu. Huyo binti ni mmisionari kama walivyokuwa wale wa 1890, na hakuna aliyemfanyia sherehe aliporudi zaidi ya mama yake na sisi wachache tuliompokea stendi. Hilo lilinikera sana kwa kweli.

Kwa hiyo kwenye kikao msimamo wangu ni huu. Kontena tuwaambie asante, hapana, safari hii. Kama wana hela ya kusafirisha, na hela ya bandari, na wakala, na storeji ikichelewa kutoka, hiyo hiyo isomeshe mafundi wa vifaa tiba wawili watatu wa kwetu, na vifaa vinunuliwe hapahapa nchini ambako vipuri vipo. Na nauli ya kijana atakayefuata kwenda Ujerumani tuichangie sisi, hata kama ni robo, kwa bahasha na kwa mnada, ili aende ametumwa na Tanga. Najua kuna watakaonuna maana vinanda walishavihesabu. Rasimu ya barua ninayo, katibu anaituma mwisho wa mwezi, kwa hiyo ndugu wa usharika mnaosoma hapa, mwenye neno aniambie kabla ya Jumapili.