Jumatatu ya Kufungua Shule

Mwezi wa Mei 2024 nilikuwa nafundisha katika shule moja ya msingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikaahirishwa kwa wiki moja, kisha zikaahirishwa tena bila kutajwa tarehe, maana nchi nzima ilikuwa majini. Mimi nilikuwa nimesharudi kabla barabara ya kutoka Garissa haijaharibika, kwa hiyo mwalimu mkuu, aliyekwama kwao, akanipigia simu nikashike funguo. Funguo za nini? Nilipofika kufuli zilikuwa zimeshavunjwa na kila darasa limejaa watu.

Asiyeijua Ifo asifikirie mto uliopasua kingo. Pale ni tambarare tupu. Mvua ikinyesha mfululizo, maji hayana pa kwenda. Yanatambaa, yanajikusanya penye bonde dogo, yanakaa. Waliofika mwanzoni, tangu 1991, wana bloku zao, yaani mitaa ya kambi, na miti waliyoipanda wenyewe ikawa mikubwa. Waliokuja juzijuzi wakikimbia ukame wa Somalia, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, walijenga pembezoni palipobaki. Na palipobaki palikuwa na sababu ya kubaki. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilisema karibu watu 20,000 walihamishwa na maji Dadaab msimu ule. Niliowakuta darasani kwangu karibu wote walikuwa hao wa juzijuzi.

Ubaoni hesabu za sehemu nilizoziacha kabla ya likizo zilikuwa bado zinasomeka. Chini yake familia zilikuwa zimegawana sakafu kwa kupanga madawati yawe kuta, na leso zikatundikwa juu yake. Chini ya dirisha alikaa mama wa mwanafunzi wangu mmoja wa gredi ya nne. Alikuwa na galoni ya mafuta ya kupikia iliyokatwa juu, na ndani yake, chini ya nguo za mtoto, kadi yake ya mgao wa chakula. Kila mara aliitoa, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaitazama dhidi ya mwanga kama namba bado zipo, akairudisha. Hema lilikuwa limelala majini, sufuria zimeenda, na sikumsikia akizililia. Kadi ikiharibika ni foleni upya, maelezo upya, na siku za kula kwa majirani.

Kilichonitisha mimi ni vyoo. Huko kwenye bloku mashimo yalikuwa yamejaa na mengine kuporomoka, uchafu ukaelea hadi kwenye njia za watoto. Vyoo vya shule ni vya watoto wa mchana, sasa vilikuwa vya mamia ya watu usiku na mchana. Wanawake walijizuia hadi giza liingie. Kipindupindu kilishaipiga kambi 2022 na 2023, kwa hiyo mtoto akiharisha mara mbili, darasa zima lilinyamaza. Vijana wa kujitolea, wakimbizi wenyewe, walipita na klorini kila asubuhi wakipigia watu kelele wanawe mikono. Kwa maoni yangu hao ndio waliotuokoa.

Halafu tarehe 8 ikatangazwa kwamba shule zote zifunguliwe Jumatatu tarehe 13. Simu ya mwalimu mkuu ikalia saa hiyo hiyo.

“Mwalimu, Jumatatu nataka madarasa yangu.”

Nikamwendea yule mama, mwanawe akitufasiria. Nilisema maneno mengi ya heshima. Mtoto akayafupisha kwa Kisomali kama matatu hivi. Mama akajibu kwa kirefu.

“Anasema sawa,” mtoto akaniambia.

“Amesema hayo tu?”

“Anauliza, Mwalimu, tuende wapi?”

Binamu yangu wa Mathare, Nairobi, alisombewa nyumba mwezi uleule. Alipanda matatu, akaenda kwa shangazi yetu, akalala. Huyu mama naye alikuwa na dada Eastleigh, hukohuko Nairobi, lakini mkimbizi hatoki Dadaab bila kibali cha kusafiri, na kibali hakipatikani kwa kuomba leo ukaondoka kesho. Kwa hiyo swali lake halikuwa la kunisuta. Alitaka kujua kweli.

Wazee wa bloku wakakaa na sisi walimu wachache tuliokuwepo chini ya mwarobaini. Ubishi ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisema wanawe ni wanafunzi pia, hivyo kuwatoa ili wasome ni kuwafukuza shule kwa jina la shule. Sikuwa na jibu. Tukakubaliana familia zibanane kwenye nusu ya madarasa, na sisi tufundishe kwa zamu kwenye nusu nyingine.

Jumatatu tukafundisha. Madawati hayakutosha kwa sababu mengine yalikuwa yamepikia uji. Kuni zote za kambi zilikuwa mbichi. Mwalimu mkuu aliporudi alidai orodha ya waliochoma. Nilimwandikia idadi ya madawati, majina sikuyaandika.

Mama yule alikaa hadi Juni, kisha akarudi kujenga bondeni palepale. Penye mwinuko palikuwa na wenyewe.