Upande Gani

"Baba, baiskeli inapita upande gani?"

Mwanangu kaniuliza juzi, mdomo umejaa muhogo. Nimemwahidi baiskeli akifaulu, basi ameshaanza kuiendesha kichwani. Shuleni wamefundishwa kwamba anayetembea kwa miguu apite kulia, aone gari linalomjia. Nikamwambia baiskeli ni kushoto, pamoja na magari. Akatafuna kwanza.

"Kwa hiyo unayapa mgongo?"

Nikajikuta nimeshika goti.

Oktoba 2009, korosho zimeshachanganya. Baba mdogo kanituma Mikindani nikachukue nusu gunia la chumvi, niilete Mtwara mjini, kilometa 10 hivi. Baiskeli ni ile nyeusi ya babu, breki ya mbele marehemu. Gunia nimelifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu, uzito wote nyuma, usukani mwepesi hadi unatia mashaka.

Nililisikia tu. Lori la korosho, limeshiba, linakuja nyuma yangu. Mbele, basi linakwenda Lindi. Barabara ile ina nafasi ya magari mawili; mimi kwenye hesabu simo. Honi ikapigwa. Nikashuka pembeni, kama ulivyo mtindo wetu sote, kumbe pale lami imekaa juu ya mchanga kama kidato cha ngazi, kina cha kiganja. Gurudumu la mbele likazama. Nikataka kurudi juu.

Sasa tairi likienda sambamba na ukingo wa lami halipandi. Linasugua tu, khrr, khrr, huku wewe na mzigo wako mmeshaanza kulalia upande wa barabara. Ili lipande, uukate ukingo kwa mshazari, au ushuke uikokote. Nani angenifundisha? Niliusikia ule msuguo, nikaona kokoto moja moja, kisha magurudumu ya nyuma ya lori, yale mawili mawili, yakapita jirani na sikio langu na joto lake na harufu ya mpira. Upepo wake ukanivuta ndani kidogo. Kidogo tu.

Utingo akachungulia: "Barabara ya baba yako?"

Gunia lilipasuka. Goti lilichunika. Chumvi ikafanya kazi yake.

Nyumbani nilifika na robo ya mzigo, nikasimulia yote, hata ule upepo. Baba mdogo akatazama gunia, akanitazama mimi. "Usiitie chumvi," akasema. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi kuna na malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini. Jumamosi nimeazima baiskeli ya jirani, nikalaza ubao uwanjani, nikamfundisha mtoto kuupanda kwa kuukata. Mara ya tano akaweza, akashangilia.

La mgongo hajaliuliza tena. Nami sijamkumbusha.